Nyota nzito, mzunguko wa kasi na kemia ya uso wake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukimwonyesha mtu nyota ya buluu angani na kumwambia kwamba uso wake una nitrojeni nyingi kuliko inavyostahili, atauliza swali moja, kisha la pili, na usiku utakwisha. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa zaidi. Mengine nimeyajibu kwa mistari michache, mengine yamenichukua nafasi kubwa kwa sababu ndimo utamu wa jambo lenyewe ulimo.

Nyota nzito ni ipi hasa?

Ni nyota yenye tungamo la angalau mara 8 ya Jua. Uso wake ni wa buluu kwa sehemu kubwa ya maisha yake, na joto la uso huo huanzia nyuzi 20,000 hivi na kupita 40,000 kwa zile kubwa zaidi, wakati uso wa Jua una nyuzi 5,500 tu. Maisha yake ni mafupi: nyota ya tungamo mara 20 ya Jua humaliza haidrojeni ya kiini chake kwa miaka kama milioni 8 hadi 10, na Jua limepewa takriban bilioni 10. Mwisho wake kwa kawaida ni mlipuko wa supanova au kuporomoka na kuwa shimo jeusi.

Zinazunguka kwa kasi gani?

Jua hujizungusha taratibu. Kwenye ikweta yake mwendo ni kilomita 2 kwa sekunde na mzunguko mmoja huchukua siku 25 hivi. Kwa nyota nzito, kilomita 100 au 200 kwa sekunde ni jambo la kawaida, na zipo zinazopita 300. Katika Nebula ya Tarantula, wingu la gesi ndani ya Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo iliyo jirani ya yetu, kuna nyota inayoitwa VFTS 102 ambayo ikweta yake inakwenda kama kilomita 600 kwa sekunde. Kwa mwendo huo ungetoka Nairobi ukafika Mombasa kabla sekunde moja haijatimia.

Sababu ya tofauti hii ni breki. Tabaka la nje la Jua linachemka, mchemko huo unazalisha usumaku, na upepo wa Jua ulionaswa na usumaku huo umekuwa ukiliibia mwendo wake kwa miaka bilioni 4.6. Nyota nzito haina tabaka nene la namna hiyo, kwa hiyo nyingi hubaki na sehemu kubwa ya mwendo zilizozaliwa nao.

Mzunguko una uhusiano gani na kemia?

Weka sukari kwenye chai na usikoroge. Onja juu: hakuna utamu, na sukari yote imelala chini. Nyota nzito imejengwa hivyohivyo. Kiini chake kinachemka kwa nguvu, vitu vinapanda na kushuka kwa myuko, lakini bahasha kubwa inayokizunguka imetulia. Nishati hupita humo kwa mnururisho, yaani kama mwanga, mada yenyewe haisogei. Kwa hesabu hiyo, kinachopikwa kiinini kingebaki kiinini, na uso ungeendelea kuonyesha mchanganyiko uleule wa gesi ambao nyota ilizaliwa nao.

Mzunguko ndio kijiko. Nyota inayozunguka kwa kasi hukoroga bahasha yake, polepole mno, na baada ya mamilioni ya miaka mazao ya kiini huanza kuonekana usoni. Mwanga tunaopokea unatoka kwenye tabaka jembamba la juu tu, kwa hiyo tunaonja fundo la kwanza la kikombe na kujiuliza kama kimekorogwa.

Kwa nini nitrojeni, na si elementi nyingine?

Hili nalipenda kuliko yote.

Ndani ya nyota nzito haidrojeni haigeuki kuwa heliamu kwa njia ileile ya Jua. Hutumia kaboni, nitrojeni na oksijeni kama vichocheo, katika mzunguko wa myeyungano, yaani viini vya atomi kuungana, ambao Hans Bethe na Carl Friedrich von Weizsäcker waliueleza mwishoni mwa miaka ya 1930. Protoni hudakwa na kaboni, kaboni inageuka nitrojeni, nitrojeni inageuka oksijeni, na mwishoni heliamu inatoka na kaboni inarudi ilipoanzia. Kwa jumla vichocheo haviongezeki wala kupungua.

Ila hatua hizo hazina mwendo mmoja. Hatua ya nitrojeni-14 kudaka protoni ni ya polepole kuliko zote. Nenda Magogoni, Dar es Salaam, asubuhi uone abiria wa kivuko cha Kigamboni: daladala zinawashusha haraka, pantoni inawavusha taratibu, na watu wanajaa gatini. Hakuna aliyewazalisha pale, wamekwama tu. Nitrojeni ndiyo gati hilo. Mzunguko huo wa vichocheo ukishatulia, karibu vichocheo vyote vya kiinini vinakuwa vimesimama kama nitrojeni. Kaboni hupungua mapema, oksijeni hufuata baadaye kwa kuwa tawi lake la mzunguko ni la polepole zaidi.

Basi ukiona usoni nitrojeni imepanda na kaboni imeshuka kwa uwiano unaolingana na hesabu hiyo, umeona majivu ya moto wa kiini. Nitrojeni ina faida ya pili: mwanzoni huwa chache. Katika Wingu Kubwa la Magellan gesi ya kuzaliwa ina nitrojeni kama moja ya nane ya ile ya Jua, hivyo hata nyongeza ndogo inaonekana wazi, kama tone la wino kwenye maji safi kuliko kwenye maji ya mvua ya kwanza.

Mzunguko unakorogaje? Kitu kikizunguka chote pamoja hakijikorogi.

Pingamizi la haki kabisa. Kitu kigumu kinachozunguka hakijikorogi. Nyota ni gesi, na hapo mambo hubadilika kwa njia mbili kubwa.

Ya kwanza inaanza na umbo. Mchezaji akizunguka, kanga yake inafunguka na kuinuka kiunoni. Nyota nayo hutanuka ikweta na kubonyea nchani. Mwaka 1924 Hugo von Zeipel alionyesha kwamba ncha, zilizo karibu zaidi na kiini na zenye mvutano mkubwa zaidi, lazima ziwe na joto na mng'ao zaidi kuliko ikweta. Mwaka uliofuata Arthur Eddington na Heinrich Vogt, kila mmoja kwa upande wake, waliona matokeo yake: nyota ya namna hiyo haiwezi kusawazisha joto lake ikiwa imetulia. Ni lazima gesi isafiri, ipande upande mmoja na kushuka mwingine, katika mikondo mipana inayopita kutoka ncha hadi ikweta. Peter Sweet alikokotoa mwendo wa mikondo hiyo mwaka 1950. Kasi yake hupanda kwa mraba wa kasi ya mzunguko: nyota ikizunguka mara mbili zaidi, mkondo unakuwa na nguvu mara nne.

Ya pili ni msuguano wa matabaka. Kiini hujikunja kadiri kinavyotumia haidrojeni, na kikijikunja huongeza mwendo. Bahasha hutanuka na kupunguza mwendo. Matabaka mawili yanayoteleza kwa kasi tofauti huzaa misukosuko, kama upepo unavyokwaruza uso wa bahari hadi mawimbi yainuke. Jean-Paul Zahn aliiweka misukosuko hiyo na mikondo mipana katika nadharia moja mwaka 1992, na mifano mingi ya kompyuta iliyofuata, hasa ya Andre Maeder na Georges Meynet huko Geneva, imejengwa juu ya kazi hiyo.

Kuna pia kinachozuia. Kadiri kiini kinavyojaa heliamu, gesi ya chini inakuwa nzito kuliko ya juu, na kitu kizito kilichokaa chini hakipandi kirahisi. Ukuta huo ni mmoja wa sababu zinazofanya mifano tofauti itoe majibu tofauti kwa nyota ileile.

Kasi na nitrojeni hupimwaje kutoka mbali hivyo?

Kwa spektra, yaani mwanga uliotawanywa katika rangi zake. Kila elementi hufuta mwanga wa rangi zake mahususi na kuacha mistari myeusi. Nyota za buluu hugawanywa kwa joto: aina ya O ndizo zenye joto zaidi, aina ya B huzifuata. Nitrojeni ya nyota za aina ya B, kwa mfano, ina mstari mzuri kwenye nanomita 399.5, katika urujuani. Kina cha mstari huo, pamoja na joto na mvutano wa uso, ndicho kinachotoa kiasi cha nitrojeni.

Kasi inaonekana kwenye upana wa mstari. Upande mmoja wa nyota unatujia, mwanga wake unasogea kuelekea buluu. Upande mwingine unatukimbia, wake unaelekea nyekundu. Mstari uliokuwa mwembamba unatandazwa.

Hapa pana mitego miwili, na aliyewahi kusoma matokeo haya bila kuikumbuka amepotea njia. Wa kwanza: tunapima sehemu tu ya mwendo inayoelekea kwetu. Nyota inayotutazama kwa ncha inaweza kuwa inazunguka kwa kilomita 400 kwa sekunde na bado mistari yake ikabaki myembamba. Kwa hiyo kipimo kimoja hukupa kasi ya chini kabisa inayowezekana, si kasi yenyewe. Wa pili: mstari uliotandazwa sana huwa hafifu na kuchanganyika na jirani zake, hivyo nyota tunazozitaka zaidi, zile za kasi, ndizo ngumu zaidi kuzipima kemia yake.

Je, vipimo vimekubaliana na nadharia?

Kwa sehemu, na hapo ndipo hadithi inaponoga.

Kwa muda mrefu dalili zilikuwepo. Mwaka 1992 Artemio Herrero na wenzake walionyesha kwamba nyota kadhaa za aina ya O, hasa zile za kasi, zina heliamu nyingi usoni kuliko inavyotarajiwa. Ila sampuli kubwa ilikosekana. Ilipatikana kwa spektrografu ya FLAMES, iliyofungwa kwenye moja ya darubini kubwa za Ulaya juu ya mlima Paranal nchini Chile, ambayo hupokea mwanga wa nyota nyingi kwa mkupuo mmoja.

Mwaka 2008 Ian Hunter na wenzake walitoa matokeo ya nyota 135 za aina ya B katika Wingu Kubwa la Magellan. Walizipanga kwenye mchoro: kasi upande mmoja, nitrojeni upande mwingine. Nadharia ilitaka mstari mmoja unaopanda, kasi ikiongezeka na nitrojeni iongezeke. Asilimia 60 hivi ya nyota zilizokuwa bado zinachoma haidrojeni kiinini zilikubali. Asilimia 20 hivi zilikuwa na nitrojeni tele lakini zilizunguka polepole, chini ya kilomita 50 kwa sekunde. Na asilimia nyingine 20 hivi zilizunguka kwa kasi, zilikuwa zimeshazeeka kiasi cha kutosha kukorogwa, na bado nitrojeni yake ilikuwa karibu ileile ya kuzaliwa.

Mchoro huo sasa huitwa mchoro wa Hunter, na mimi nauona kama moja ya kazi zenye manufaa makubwa katika elimu ya nyota ya miaka hii, kwa sababu uliwanyima watu jibu rahisi. Walioingia wakitafuta uthibitisho wa mzunguko walitoka na orodha ya visa ambavyo mzunguko peke yake hauvielezi.

Hizo za polepole zenye nitrojeni nyingi zilitoka wapi?

Baadhi bila shaka zinatutazama kwa ncha. Lakini zilizo nyingi hivyo haziwezi zote kuwa zimeelekea kwetu, hesabu ya bahati haikubali.

Maelezo ninayoyaona yana nguvu ni usumaku. Takriban asilimia 7 ya nyota nzito zina uga sumaku mkubwa na thabiti, na usumaku huo hufunga upepo wa nyota na kuuvuta nao, hadi mwendo unakwisha. Nyota ya Tau katika kundi la Nge ni mfano mzuri. Ina usumaku, ina nitrojeni ya ziada, na mzunguko wake mmoja huchukua siku 41, jambo la ajabu kwa nyota ya aina yake. Mwaka 2019 Fabian Schneider na wenzake walionyesha kwa hesabu za kompyuta kwamba nyota mbili zikigongana na kuungana huweza kuacha nyota moja yenye usumaku wa namna hiyo. Muungano hukoroga, usumaku hupiga breki, na anayekuja baadaye kupima anakuta kemia ya mkimbiaji kwenye mwili wa mtu anayetembea.

Na zile za kasi zisizo na nitrojeni?

Inawezekana hazikuzaliwa na kasi hiyo. Nyota nzito huishi kwa jozi. Mwaka 2012 Hugues Sana na wenzake walikadiria kwamba zaidi ya asilimia 70 ya nyota za aina ya O zitabadilishana mada na mwenzake katika maisha yake. Anayepokea mada hupokea na mwendo, kama gurudumu linalopigwa kofi ukingoni kila mara. Nyota iliyopewa kasi juzi bado haijapata muda wa kukorogeka kutoka ndani.

Ila kuna upande wa pili wa shilingi. Mada inayopokelewa inaweza yenyewe kuwa imetoka kwenye tabaka la ndani la mtoaji, tayari imejaa nitrojeni na heliamu, na hapo kemia ya uso inabadilika bila kukorogwa kabisa. Zeta ya Ophiuchus, nyota ya aina ya O yenye tungamo la kama mara 20 ya Jua na kasi ya karibu kilomita 400 kwa sekunde, inadhaniwa kuwa kisa cha namna hii. Ni mkimbizi: inapasua gesi ya angani na mbele yake imejikunja tao la vumbi lililobanwa, kama maji mbele ya jahazi. Maelezo yanayokubalika ni kwamba mwenzake alimlisha, kisha akalipuka, na yeye akatupwa. Uso wake wenye heliamu ya ziada ulisomwa kwa miaka mingi kama ushahidi wa mzunguko. Mwaka 2021 Mathieu Renzo na Ylva Götberg walionyesha kwamba kulishwa na mwenzake kunaeleza sifa zake vizuri zaidi.

Kuna namna ya kutofautisha kukorogwa na kulishwa?

Ipo, na inaitwa boroni. Elementi hii dhaifu huteketea kwenye joto la nyuzi milioni 6 hivi, joto linalopatikana si mbali sana chini ya uso. Kukorogwa kidogo tu kunatosha kuishusha boroni hadi huko ikaungua, kabla hata nitrojeni ya kiinini haijafika juu. Nyota iliyopoteza boroni huku nitrojeni yake ikiwa bado ya kawaida ni vigumu kuielezea kwa kulishwa, kwa sababu mada ya mtoaji ingekuja na vyote viwili. Nyota chache za namna hiyo zimepatikana. Tatizo ni kwamba mistari ya boroni iko kwenye urujuanimno, ambao angahewa yetu huuzuia, hivyo kazi hiyo imetegemea darubini ya anga za juu ya Hubble. Natamani vipimo hivi viwe vingi zaidi kabla Hubble haijazimwa.

Njia nyingine ni kusikiliza mitetemo ya nyota. Mwaka 2003 Conny Aerts na wenzake walitumia mitetemo ya nyota HD 129929 kuonyesha kwamba sehemu zake za karibu na kiini huzunguka kwa kasi ya kama mara 4 ya uso. Hapo msuguano wa matabaka unapimwa, haukisiwi.

Itakuwaje nyota ikizunguka kwa kasi kupita kiasi?

Ikikorogwa haraka kuliko inavyopika, inabaki na mchanganyiko mmoja tangu kiini hadi usoni. Haitanuki kuwa jitu jekundu. Inabaki ndogo, ya buluu, yenye joto kali, na hatimaye karibu yote inageuka heliamu. Maeder alilipendekeza wazo hili mwaka 1987. Linahitaji nyota yenye kiasi kidogo cha elementi nzito, kwa kuwa upepo wake ni hafifu na mwendo hauibiwi. Nyota inayokufa bado ikizunguka hivyo inaweza kuzaa mmweko mrefu wa miali ya gama. Na jozi ya nyota za aina hii, kwa kuwa hazitanuki na kumezana, zinaweza kuishia kuwa mashimo meusi mawili yaliyokaribiana, ya aina inayosikika siku hizi kwa mawimbi ya graviti. VFTS 352, jozi ya nyota zinazogusana zenye tungamo la kama mara 29 ya Jua kila moja, huzungukana kwa siku moja na robo tu isiyotimia. Hiyo inafuatiliwa kwa karibu kwa sababu hiyohiyo.

Nitrojeni ninayovuta kila pumzi ilitoka kwenye nyota hizi?

Nyingi yake haikutoka huko. Sehemu kubwa ya nitrojeni ya ulimwengu wa leo ilitengenezwa na nyota za tungamo la kati zilipokuwa zinazeeka. Nyota nzito za kasi zinapewa nafasi zaidi katika ulimwengu mchanga, kabla nyota za kati hazijapata muda wa kuzeeka, maana nyota kongwe kabisa za galaksi yetu zina nitrojeni isiyoelezeka kirahisi bila ya kitu kilichokoroga mapema. Mwaka 2023 darubini ya James Webb iliikuta galaksi ya GN-z11, iliyokuwepo miaka kama milioni 430 baada ya Mlipuko Mkuu, ikiwa na nitrojeni nyingi kupindukia, na nyota za kasi ni mojawapo ya maelezo yanayopimwa.

Naweza kuziona kwa macho?

Ndiyo, na ukiwa Afrika Mashariki umekaa mahali pazuri. Zeta ya Ophiuchus, mwezi Julai kama saa tatu usiku, inapita karibu na utosi ukiwa Dar es Salaam. Tafuta Nge na mkia wake uliojikunja, kisha panda kaskazini kidogo kutoka kichwani pake. Si ang'avu sana, ila inaonekana bila shida mahali pasipo na taa nyingi.

Mwezi Desemba geuka kusini saa tatu usiku utafute Achernar, ambayo jina lake lilitoka kwa Waarabu, Akhir an-nahr, mwisho wa mto. Si nzito kwa kipimo cha mara 8, iko chini kidogo ya hapo, lakini ndiyo nyota inayoonyesha vizuri mzunguko unavyofanya kazi: darubini za Paranal zikiunganishwa mwaka 2003 ziliipima na kukuta ikweta imetanuka sana kuliko ncha. Na ukiwa mashambani, mbali na mji, mwezi Januari saa nne usiku utaona chini upande wa kusini doa kama moshi lisilosogea. Hilo ni Wingu Kubwa la Magellan, umbali wa miaka ya nuru 160,000. Nyota 135 za Hunter zote zimo humo.